Kadari na Gia Nzito

Lori likikatika breki kwenye mteremko na kuua watu, maneno ya matanga hutangulia ripoti ya polisi. Ajali haina kinga. Kazi ya Mungu haina makosa. Siku zao zilikuwa zimefika. Waislamu na Wakristo huyasema kwa sauti moja, Mbeya na Karatu, Kericho na Nakuru, na wengi huyasema kwa moyo mweupe, kwa kuwa mbele ya jeneza mtu hutafuta neno litakalompa nguvu ya kusimama. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayaishii matangani. Hurudi na watu nyumbani, huingia gereji, hupanda hadi kwenye kiti cha dereva, na huko hupewa kazi ambayo hayakutungiwa: mwenye gari hupata sababu ya kusogeza matengenezo hadi mwezi ujao, na abiria hupata sababu ya kunyamaza. Ndipo linapozuka swali ambalo si la mafundi peke yao. Je, mtu anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyepanga siku ya kila kiumbe anaweza, bila kujipinga, kusema kwamba ajali fulani ya mlimani ingeweza kuzuiwa? Jibu langu ni kwamba anaweza, na zaidi ya hapo analazimika. Imani katika kadari, ikieleweka sawasawa, haimwondolei dereva wajibu wa kukagua breki kabla ya kushika mteremko. Inamwongezea.

Tuanze na mlima wenyewe, kwa sababu hoja nyingi za kadari hukosa nguvu pale mtu anapojua kilichotokea ndani ya gurudumu. Lori lenye uzito wa tani 30, gari na mzigo pamoja, likishuka kimo cha mita 300, jambo la kawaida kwa anayeteremka kingo za Bonde la Ufa, hulazimika kutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji ya bomba. Nishati hiyo haipotei hewani kwa baraka. Lazima igeuke kuwa kitu, na kwa gari linaloshuka kwa mwendo wa kudhibitiwa hugeuka kuwa joto. Dereva akiwa ametia gia nzito tangu juu, injini yenyewe huling'ang'ania gari, na sehemu kubwa ya joto hutoka kwa njia ya injini. Akitegemea kanyagio la breki peke yake, joto karibu lote huishia kwenye dramu na lainingi. Dramu hupanuka, lainingi hupoteza mshiko, na kadiri dereva anavyokanyaga ndivyo anavyozidi kuzipasha. Kwenye gari dogo huja shida nyingine: mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yaliyozeeka huchemka katika joto la chini kuliko mapya. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni pasipo gari kusimama. Kwa walio ndani, hilo ni tukio la ghafla. Kwa anayejua, lilianza siku mafuta yalipopitisha muda wake, au kileleni pale dereva alipoacha kubadili gia.

Kipande cha barabara kati ya Salgaa na Sachangwan nchini Kenya, kwenye njia ya Nakuru kuelekea Eldoret, kilibeba sifa mbaya kwa miaka mingi, na mojawapo ya sababu zilizotajwa tena na tena ni madereva wa malori kutoa gia na kuliacha gari liserereke lenyewe ili kubana matumizi ya mafuta. Hesabu yenyewe imepinda. Injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye kanyagio la mafuta, ilhali gari lililotolewa gia huendelea kunywa mafuta kidogo kidogo ili injini isizime. Kwa hiyo dereva wa gari kama hilo hununua hatari kwa bei ghali kuliko usalama, akidhani amepata faida. Hapo kwenye mteremko wa Salgaa hatuoni nguvu isiyoelezeka inayowachukua watu. Tunaona mazoea yenye chanzo, yenye hesabu, na yenye dawa. Anayeita matokeo yake kadari tupu amefunga faili ambalo lilikuwa halijasomwa hata ukurasa wa kwanza.

Ushahidi mwingine uko katika nchi ambazo milima yake ni mikali kuliko yetu. Norway ina miteremko ya baharini, mahandaki, theluji na giza la majira ya baridi, na barabara zake nyingi zimeshikilia ubavu wa mwamba. Mwaka 1970 watu 560 walikufa katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 2019, magari yakiwa yameongezeka mara kadhaa, walikufa 108. Milima haikupungua kimo katika miaka hiyo, na hakuna mwanatheolojia anayeweza kusema Mungu alibadili tabia yake kwa Wanorway. Kilichobadilika ni mikanda, mwendo, ukaguzi wa magari, adhabu ya ulevi, na kingo za chuma barabarani. Mtu anaweza kusema huo ni utajiri tu, lakini Norway ya mwaka 1970 haikuwa nchi maskini, na bado ilizika watu zaidi ya mara tano ya wale wa mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote, na vifo hivyo havikugawanywa sawasawa: vimezidi mno katika nchi zenye kipato kidogo. Kama ajali isingekuwa na kinga kweli, takwimu hizo zingepaswa kupanda na kushuka bila kujali wanachofanya wanadamu. Hazifanyi hivyo. Zinafuata kazi ya mikono yetu.

Mwamini makini hatatikiswa na takwimu hizo, na ana haki. Atasema: hata hao waliopona Norway waliandikiwa kupona, na hata kingo hizo za chuma ziliandikwa. Nakubaliana naye, na hapo hapo ndipo hoja ya uzembe inapokatika. Wayunani wa kale walikuwa na hoja iliyojulikana kama hoja ya mvivu, ambayo Cicero wa Roma aliihifadhi katika kitabu chake kuhusu kadari. Inakwenda hivi: kama umeandikiwa kupona, utapona uite tabibu usiite, kama umeandikiwa kufa, utakufa uite usiite, basi kuita tabibu ni kazi bure. Chrysippus, mwanafalsafa wa karne ya tatu kabla ya Kristo aliyeamini kadari kwa nguvu zote, aliikataa hoja hiyo. Alieleza kwamba baadhi ya mambo hupangwa pamoja: aliyeandikiwa kupona ameandikiwa vilevile kumwita tabibu, na huwezi kunyofoa nusu ya mpango ukabaki na nusu nyingine. Peleka hoja hiyo mlimani. Kama basi limeandikiwa kufika salama chini ya mteremko wa Kitonga nchini Tanzania, limeandikiwa kufika kwa gia nzito, kwa tairi zisizo vipara na kwa breki zilizosetiwa. Anayesema litafika hata bila hivyo hajaamini kadari zaidi ya wenzake. Ameikata vipande na kuchagua kile kinachompunguzia kazi.

Kuna sababu nyingine inayoifanya kadari isifae kuwa mwongozo wa dereva, nayo ndiyo kiini cha hoja hii. Hakuna mwanadamu anayeijua kabla haijatokea. Tunaisoma kwa kutazama nyuma, jambo likiwa limekwisha kuwa; hatuisomi kwa kutazama mbele. Kabla ya mteremko, tunachokijua ni amri, yaani yale tuliyoagizwa kufanya na kutofanya. Kilichofichwa ni uamuzi. Mtu anayeendesha kwa kufuata uamuzi asioujua na kuacha amri anayoijua anadai elimu ambayo dini yake yenyewe inasema ni ya Mungu peke yake. Kwa hiyo kosa la dereva anayesema siku ikifika imefika, huku akijua breki zake zina hitilafu, si wingi wa imani. Ni kujipa nafasi ya Mwenyezi Mungu: anazungumza kana kwamba ameuona ubao ulioandikwa siku yake, akakuta leo haimo.

Historia ya Uislamu ina tukio linaloeleza jambo hili kuliko vitabu vingi vya falsafa. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi ya Syria ya kale, alipopata habari kwamba tauni imeenea huko. Baada ya kushauriana na masahaba, aliamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, aliyekuwa amiri wa majeshi huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, kisha akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote atakapochunga, atachunga kwa kadari, lakini si popote ni sawa. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Tirmidhi, inamhusu mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutegemea Mungu au amwache huru na kutegemea. Jibu likawa amfunge, kisha ategemee. Kwa Wakristo, injili zinaeleza jinsi Yesu alivyopandishwa juu ya kinara cha hekalu na kushawishiwa ajirushe, kwa hoja kwamba malaika wangemdaka. Alikataa, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kumjaribu Mungu. Mshawishi hakutumia maneno ya kufuru pale, alinukuu zaburi. Dereva anayeshuka mlima kwa mwendo wa kasi huku kioo cha nyuma kimeandikwa kwamba Mungu ni dereva wake yuko karibu sana na kinara kile.

Pengine mtu atadai kwamba yote haya ni fikra za vitabuni na za kigeni, na kwamba Mwafrika ana namna yake ya kuelewa misiba. Madai hayo yanapingwa na ushahidi wa Afrika yenyewe. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudani na Kongo, alieleza jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Uchawi waliutaja kujibu swali jingine: kwa nini nguzo zivunjike wakati ule ule watu hawa walipokuwa chini. Tunaweza kuukataa uchawi kabisa na bado tukajifunza mpangilio wa fikra hizo. Swali la kwa nini mimi, na kwa nini leo, halifuti swali la nini kimevunjika. Aliyeamini uchawi hakukana mchwa. Sisi tunaojiona tumesonga mbele tumefika mahali pa kuwakana mchwa kwa jina la Mungu, tukasema breki zilifeli kwa kuwa siku zilifika, na tusiulize ni nani aliyeziona zikilika na akaondoka zake.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba dereva anacheza na uhai wake peke yake. Ukweli wa mlimani ni mzito zaidi. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililokosa mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, liliyagonga magari mengine na kuwavamia wafanyabiashara na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Muuza mboga wa pembezoni mwa mteremko hakupanda gari la mtu, hakulipa nauli, hakukubali hatari yoyote. Torati ililifikiria jambo la namna hii zamani za kale. Kitabu cha Kutoka kinatofautisha fahali aliyeua kwa mara ya kwanza na fahali ambaye mmiliki wake alikwisha kuonywa kwamba anapiga pembe: katika hali ya pili mwenye fahali hubeba hatia ya damu. Kumbukumbu la Torati inamtaka anayejenga nyumba azungushe ukingo kwenye dari yake, asije akaitia nyumba damu mtu akianguka. Katika sheria zote mbili Mungu ndiye anayetawala uhai, na bado yeye huyo huyo anauliza: ulijua, na ulifanya nini? Gari lenye breki mbovu ni fahali aliyekwisha kuonyesha pembe zake. Mwenye gari akishaambiwa na fundi, neno kadari halimfichi tena.

Kipingamizi kizito cha kwanza ni kwamba hata waangalifu hufa. Gari lililotoka gereji jana hupasuka tairi, mwamba huporomoka, dereva mwenye afya hukamatwa na moyo kwenye kona. Ni kweli, na hoja yangu ingekuwa ya uongo kama ingeahidi kwamba uangalifu hufuta kifo. Ila tazama kipingamizi hiki kinathibitisha nini. Kinathibitisha kwamba baada ya wajibu kutimizwa hubaki sehemu isiyo mikononi mwetu. Hakithibitishi kwamba wajibu hauna maana. Sehemu hiyo iliyobaki ndiyo mahali halali pa tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, nasi hatuwezi kuujua ukubwa wake mpaka tuwe tumetoa kwanza yote yaliyokuwa ya kwetu. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kutegemea mafundi na gia ni kiburi cha binadamu dhidi ya Muumba. Naona kinyume chake. Anayekagua gari kabla ya mlima anakiri kwamba yeye ni dhaifu, chuma huchakaa, na dunia hii imeumbwa na kanuni zisizomheshimu mtu. Kiburi kiko kwa anayedhani kanuni hizo zitasimama kando apite.

Kipingamizi cha pili kinagusa moyo: waliofiwa wanahitaji faraja, na kumwambia mjane kwamba mumewe ameuawa na lainingi zilizokwisha ni ukatili. Wanaosema hivi wana haki kuhusu mahali, si kuhusu ukweli. Yesu alipoletewa habari za msiba wa siku zake, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Waliokufa hawahukumiwi kwa namna walivyokufa. Huo ndio msingi wa rambirambi njema, na kazi ya Mungu haina makosa ni neno zuri likisemwa kwa maana hiyo, siku hiyo, kwa mtu huyo. Lakini rambirambi ni haki ya waliofiwa, haikuwa kamwe mali ya mwenye basi. Msiba ukiisha, uchunguzi uanze, na lugha ibadilike. Jamii inayochanganya mambo haya mawili huwatendea vibaya wafiwa wenyewe, maana inawanyima jibu la swali wanalokaa nalo usiku, na inawaandalia wengine kilio kile kile kwenye kona ile ile.

Kipingamizi cha tatu ni cha umaskini, nacho ndicho ninachokiona kuwa kigumu. Dereva hulipwa kwa safari. Tajiri hataki kusikia habari ya tairi. Akikataa kuondoka, wapo kumi wanaongoja funguo. Je, si dhuluma kumtwika dhambi mtu asiye na uchaguzi? Ni dhuluma, kama tutamtwika peke yake. Wajibu hufuata uwezo: mwenye pesa ya lainingi ana sehemu kubwa kuliko mwenye mguu wa kukanyaga, mkaguzi aliyepokea chochote akatia muhuri ana sehemu yake, na serikali inayojenga mteremko mrefu bila njia ya dharura ya kupokea malori yaliyofeli ina yake. Bunge la Sweden lilipopitisha sera yake ya usalama barabarani mwaka 1997, lilikubali jambo ambalo dini zimelisema siku zote, kwamba binadamu hukosea, kisha likauliza barabara ijengweje ili kosa lisilipiwe kwa kifo. Njia ya dharura ya changarawe nzito inayolizamisha lori na kulisimamisha ni huruma iliyotangulizwa kabla ya kosa. Hata hivyo kugawa wajibu si kuufuta. Dereva maskini kabisa bado anaweza kutia gia nzito kileleni, hiyo hailipiwi.

Na abiria je? Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za Kenya vibandiko vinavyowahimiza abiria kumwambia dereva apunguze mwendo. Matokeo ya jaribio lao kubwa, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa kiasi cha robo hadi theluthi. Karatasi na gundi havina uwezo huo. Uwezo ulikuwa kwa watu ambao hapo awali walikaa kimya, pengine wakisali kimoyomoyo. Hakuna aliyewataka waache kusali. Walitakiwa tu wafungue midomo. Kwa hiyo masheikh na wachungaji wanaoitwa kuombea mabasi mapya wana nafasi ambayo polisi hawana: waombe kwanza kuonyeshwa karatasi ya ukaguzi, waulize breki zilisetiwa lini, ndipo wanyooshe mikono. Dua inayotanguliwa na maswali hayo haipungukiwi na kitu mbele za Mungu, na mwenye gari asiyekuwa na majibu atakuwa amejua, mbele ya mashahidi, kwamba yatakayotokea mteremkoni hataweza kumsingizia Muumba.